UZI: Namna ya kumpima mchezaji wa akiba baada ya mechi ya maandalizi ya msimu

#1 Jicho la Jukwaani

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu ukikaribia yanajirudia yale yale. Mechi ya kirafiki haijapoa, tayari kuna mchezaji wa akiba kapewa namba ya kuanza na mwingine kaambiwa atafutiwe timu. Aliyepewa namba ni yule aliyefunga. Aliyefukuzwa ni yule aliyepokonywa mpira mbele ya jukwaa kuu. Tuweke hapa namna ya kuwapima hawa watu kwa haki, maana mechi hizi ni chache na kwa wengine ndizo dakika pekee watakazopata hadi Desemba.

Kabla hujaandika lolote kuhusu mchezaji, andika mazingira ya dakika zake. Karatasi moja kwa kila mtu, na juu kabisa mambo manne: kaingia na kutoka dakika ya ngapi, nani yuko kulia, kushoto, mbele na nyuma yake, wapinzani waliopo uwanjani muda huo ni kikosi chao cha kwanza au nao wameshabadilisha, ubao unasomaje. Yakikosekana hayo, maelezo mengine yote hayana pa kusimama.

Kwenye ligi timu inabadilisha watano kwa vituo vitatu, yaani kusimamisha mchezo mara tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Kwenye kirafiki sheria inaziruhusu timu mbili kukubaliana idadi kubwa zaidi, ilimradi mwamuzi ajulishwe. Ndiyo maana dakika ya 60 utaona watu wanane wanatoka kwa mkupuo, na kuanzia hapo ni mechi nyingine. Beki wa kati wa akiba aliyeingia pamoja na kiungo mkabaji wa akiba na kipa wa tatu kapewa mtihani mgumu kuliko yule aliyeingia peke yake akasimama kando ya nahodha. Huyu wa pili anaonekana mtulivu kwa sababu kuna mtu anampanga kwa mdomo muda wote.

Halafu mpinzani naye. Yanga walipoifunga Kaizer Chiefs 4-0 pale Bloemfontein, Julai 28, 2024, watu waligawa madaraja bila kuangalia kalenda. Ligi ya Afrika Kusini msimu ule ilianza katikati ya Septemba, wakati Yanga walikuwa na mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika katikati ya Agosti. Timu moja ilikuwa imekaribia kuiva, nyingine ndiyo kwanza inawekwa jikoni. Siku nane kabla, Yanga hao hao walikuwa wamefungwa 2-1 na Augsburg ya Ujerumani. Ukimpima mchezaji wa akiba kwa mechi moja kati ya hizo mbili utapata watu wawili tofauti.

Baada ya mazingira, ndiyo matukio. Alama ni tatu tu. Sifuri: kafanya kazi yake ya kawaida. Jumlisha: kafanya kilichozidi kazi yake. Toa: kashindwa kazi yake. Nyingi zitakuwa sifuri, na zinatakiwa ziwe hivyo. Ukiona karatasi imejaa jumlisha na toa, jua umeandika hisia.

Tazama mechi mara tatu. Ya kwanza usiandike kitu, tazama tu mchezo ulivyokwenda. Ya pili mfuate mtu wako tangu anaingia hadi anatoka, hata kama mpira uko kona ya mbali. Ya tatu rudia matukio uliyoyapa toa peke yake, sekunde kumi kabla ya kila kosa. Kwenye hizo sekunde kumi ndimo unamkuta mkosaji halisi, na mara nyingi si yule uliyemwandika.

#2 Nyasi Fupi

Mkuu, umefungua vizuri. Swali: picha za televisheni zinafuata mpira. Beki wa kushoto wa akiba anakaa dakika nzima haonekani. Tunamfuata vipi?

#3 Stendi ya Juu

@Nyasi Fupi kwa televisheni haiwezekani. Inabidi urekodi mwenyewe, na haihitaji gharama.

Kaa usawa wa mstari wa kati, juu kadiri unavyoweza. Pale Mkapa safu za juu zinafaa. Viwanja vyenye jukwaa fupi panda hadi ukuta wa nyuma, maana ukiwa chini wachezaji wanafunikana na hutajua umbali kati yao. Weka simu kwenye stendi ya miguu mitatu, ilale, na uikaze ichukue nusu ya uwanja kwa wakati mmoja. Mpira ukivuka mstari wa kati igeuze taratibu. Usivute picha karibu hata bao likifungwa, unataka kuona wachezaji wote kumi wa ndani.

Picha ya 1080p inatosha. Mechi nzima inakula kati ya GB 6 na 12 kutegemea simu inavyobana faili, kwa hiyo futa nafasi kabla ya kutoka nyumbani na beba pawabanki. Anzisha faili jipya kipindi cha pili kinapoanza. Wengi wanapoteza mechi yote kwa sababu waliacha faili moja, simu ikapata joto ikajizima.

Mchezaji akiingia, taja kwa sauti jina lake, namba ya jezi na dakika. Jezi za kirafiki mara nyingi hazina majina mgongoni, na wengine wanavaa namba watakazobadilisha ligi ikianza. Ukirudi nyumbani hutakumbuka namba 47 ni nani.

#4 Glavu Mbili

Naomba nizungumzie makipa, kwa sababu hao ndio wanaoonewa zaidi.

Kipa wa akiba akipewa dakika 45 za kirafiki anaweza kupigiwa shuti moja lililolenga lango. Moja! Akiokoa anaitwa ukuta, likiingia anaitwa pazia. Shuti moja halimpimi mtu. Angalia mambo yanayotokea kila dakika.

Kwanza, anasimama wapi timu yake inaposhambulia. Kama mabeki wamepanda hadi karibu na mstari wa kati, yeye anatakiwa awe kwenye ukingo wa boksi lake, mita 16.5 kutoka golini, au mita chache mbele ya hapo. Simamisha video mara sita timu ikiwa na mpira mbele, upime kwa macho. Kipa wa akiba asiyejiamini utamkuta kwenye boksi dogo, mita tano na nusu, huku mabeki wake wako mita 45 mbele. Pale katikati ndipo mpira mrefu unaangukia.

Pili, krosi. Zihesabu zile zilizoangukia ndani ya boksi dogo. Ngapi katoka, ngapi kabaki kwenye mstari. Kutoka akapangua kwa ngumi ni sifuri. Kutoka akakosa ni toa. Kubaki kwa mpira wa boksi dogo ni toa pia, hata kama beki kauondoa kwa kichwa.

Tatu, mpira wa kurudishiwa akiwa na mtu mbele. Anafungua mwili au anapiga tu juu? Mguu wake dhaifu unafika wapi?

Nne, muda. Tangu Julai 2025 kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, adhabu ni kona, na mwamuzi anahesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho. Kirafiki ndiyo mahali pa kuona nani bado ana tabia ya kulala juu ya mpira.

Na penalti tuziweke kando. Ngao ya Jamii 2023, fainali pale Mkwakwani Tanga, Agosti 13, Ally Salim aliokoa penalti tatu za Yanga na Simba wakachukua kombe kwa 3-1 baada ya 0-0. Kazi kubwa, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini ushahidi wake mzito zaidi ulikuwepo tangu Aprili mwaka ule, kipa wa kwanza Aishi Manula alipoumia, Salim akasimama golini kwenye mechi ya watani dhidi ya Yanga waliyoshinda 2-0 na zile mbili za robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad. Hizo ni dakika za mechi kamili, mbele ya wapinzani wenye njaa. Pamoja na hayo Simba walimleta Ayoub Lakred msimu huo, na ndiye aliyekuja kuwa kipa wa kwanza. Benchi la ufundi linatazama pia miguu, krosi na mechi thelathini za ligi.

#5 Tisa Halisi

Naheshimu maelezo, ila kwa mshambuliaji napingana nanyi. Namba tisa kazi yake ni kufunga. Kaingia dakika ya 65, kafunga, mnataka nini tena? Mabao ndiyo yanaleta pointi.

#6 Jicho la Jukwaani

@Tisa Halisi bao liandikwe, tena kwa jumlisha. Tatizo linaanza pale dakika 25 zinapogeuzwa msimu. Bao moja kwa dakika 25 ukilipeleka kwenye dakika 90 unapata mabao 3.6 kwa mechi. Hakuna mshambuliaji wa hivyo duniani. Dakika zikiwa chache, hesabu inavimba.

Kwa namba tisa wa akiba hesabu mara alizofika mahali pa kufungia, mpira uje usije. Winga akiwa anataka kupiga krosi, simamisha picha: mshambuliaji yuko mbele ya beki, nyuma yake, au amesimama sambamba naye? Alianza kukimbia kabla ya krosi au baada? Kwa dakika 25 nzuri utapata mbio tano au sita za kueleweka. Mwenye mbio sita na bao sifuri nampa dakika nyingine kabla ya yule aliyefunga mpira uliomgonga gotini akiwa amefika golini mara moja tu.

Halafu kukaba. Timu inayokabia juu inamtegemea tisa afunge njia ya pasi kati ya mabeki wawili wa kati. Akikimbia moja kwa moja kwenye mpira bila kukata ile njia, viungo wote nyuma yake wanachelewa. Kosa hilo halionekani kwenye takwimu, ila kocha analiona, na ndiyo sababu mtu anafunga Jumamosi na Jumatano anaanzia benchi.

#7 Tisa Halisi

Hapo kwenye mbio nimekuelewa, mkuu. Nakubali. Ila bado nasema kwenye kutulia mbele ya goli hakuna kinachochukua nafasi ya bao.

#8 Pumzi ya Tatu

Nimewasoma, mnasahau miguu. Kirafiki inachezwa katikati ya mzigo wa mazoezi. Wiki ya pili na ya tatu ya kambi wachezaji wanafanya mazoezi mara mbili kwa siku, na makocha wengi hawapunguzi mzigo kwa ajili ya kirafiki. Mchezaji anaingia na miguu mizito kama ya mtu aliyetoka kulima. Utamuona anachelewa hatua mbili kwenye kila mpira, utasema kasi imekwisha. Uliza kwanza: jana yake walifanya nini? Gimu ya miguu asubuhi na mbio jioni zinatosha kumfanya winga aonekane mzee.

Kama timu inavaa vesti za GPS, zile zenye kifaa cha kupima mbio, na namba zimetolewa, usisome jumla ya kilomita peke yake. Tazama mita alizokimbia juu ya km 19.8 kwa saa, na zile za juu ya km 25.2 kwa saa ambazo ndizo mbio kamili. Gawanya kwa dakika alizocheza. Kisha linganisha na mtu wa nafasi ile ile siku ile ile. Beki wa kati kumlinganisha na winga ni kumuonea.

Jambo lingine ni mbio ya pili. Mtu akishambulia hadi mwisho wa uwanja na mpira ukapotea, anarudi kwa sekunde ngapi? Mbio ya kwanza kila mtu anayo dakika ya 60. Ya kurudi ndiyo inasema pumzi ipo au haipo. Na anayechelewa kurudi wiki ya pili si hukumu. Akichelewa wiki ya sita, hapo andika.

#9 Namba Sita Mstaafu

Kiungo mkabaji wa akiba nampima kwa kitu kimoja zaidi ya vyote: shingo.

Chukua tukio la kawaida. Beki wa kati wa kushoto ana mpira, kiungo anashuka kuupokea, na mpinzani yuko mita sita nyuma yake. Mpira haujaondoka mguuni kwa beki, kiungo mzuri keshaangalia bega la kulia. Mpira uko njiani, anaangalia tena, safari hii kushoto. Ukifika, mguu wake wa mbali ndio unaoupokea, kifua kinatazama pembeni, na mguso wa kwanza unampeleka mbele. Mpinzani anafika kwenye nafasi tupu.

Yule mwingine hakugeuza shingo. Anaupokea kwa mguu wa karibu akiwa ametazama goli lake mwenyewe, hajui kama ana mtu mgongoni, kwa hiyo anachagua usalama na kumrudishia beki. Pasi imefika, kwenye takwimu kapata asilimia mia. Mabeki wanarudi hatua tano, mpinzani anapanda, na pasi mbili baadaye kipa anapiga mpira mrefu unaopotea. Kosa anaandikiwa kipa.

Kwa hiyo hesabu pasi zake kwa mafungu matatu: za mbele, za pembeni, za nyuma. Pembeni ya kila moja ya nyuma andika kama njia ya mbele ilikuwa wazi. Ikiwa wazi mara tano na kaichagua mara moja, mtu huyo anaficha mpira. Haijalishi hajapoteza hata mmoja.

#10 Nyasi Fupi

Naomba mfano wa karatasi iliyojazwa, wakuu, ili tuone kwa macho.

#11 Jicho la Jukwaani

Huu hapa mfano wa kutunga, wa beki wa kulia.

Kaingia 60, kamaliza 90. Mbele yake winga wa kwanza hadi 71, baada ya hapo kijana wa U20. Wapinzani wamebadilisha saba dakika ya 65. Tunaongoza 1-0.

62: kapokea kwa kipa, mwili wazi, pasi kwa kiungo. Sifuri.
64: winga wao kamwendea ana kwa ana, kampeleka nje kwenye mstari, kona. Sifuri.
68: kapanda bila mpira, kamvuta mtu, nafasi imefunguka kwa winga wetu. Jumlisha.
73: wawili dhidi yake, krosi imepita. Toa?
79: wawili dhidi yake tena, krosi, kichwa nje. Toa?
84: kabaki nyuma ya mstari wa mabeki wenzake, kamwacha mshambuliaji wao kwenye nafasi halali, hajaotea. Toa.

Sasa zirudie hizo toa tatu. Dakika ya 73 na 79 kijana wa mbele hakurudi, beki kabaki na watu wawili peke yake. Hazifutwi, zinabadilishwa kuwa herufi M, yaani kakosa msaada. Ya 84 inabaki kwake: wenzake watatu wamepanda mstari, yeye kabaki mita mbili nyuma kwa sababu alikuwa anatazama mpira tu. Hiyo ni ya kufundishwa, na ndilo jambo la kumtazama mechi ijayo.

Angalia pia jinsi jibu linavyobadilika. Kwa haraka haraka unasema "krosi zote zilitoka upande wake, hafai". Kwa karatasi: kosa moja lake, mawili ya upande mzima, na jambo moja zuri ambalo televisheni haikulionyesha.

#12 Beki Tatu

Nyongeza kwenye mipira ya kutengwa, kona na faulo. Baada ya mabadiliko ya watu wanane, bao la kona ndilo linalowaponza warefu wa akiba. Mpira unatua kwenye nguzo ya karibu, mpinzani anapiga kichwa, kila mtu anamnyooshea kidole beki mwenye mita 1.90 aliyesimama jirani. Tazama kona mbili za nyuma yake. Kama timu inakaba kwa eneo, yaani kila mtu analinda sehemu yake, nguzo ya karibu ina mwenyewe, na mara nyingi ni yule aliyetoka dakika ya 60. Je, aliyeingia badala yake kaambiwa? Utaona mtu wa benchi anashika karatasi kwenye mstari akimwelekeza anayeingia. Wanane wakiingia pamoja, wawili au watatu hawasomi ile karatasi. Kosa hilo ni la maandalizi, usimwandikie beki hadi uone amelirudia akiwa ameshapangiwa.

#13 Dada Kiwango

Asanteni sana kwa hoja. Nauliza upande wa maamuzi: karatasi zikishajaa, nani abaki, nani atolewe kwa mkopo?

#14 Jicho la Jukwaani

Dada, kwanza hesabu dakika. Chini ya dakika 120 kwa jumla ya mechi zote za maandalizi, mimi simpi daraja la mwisho. Namwandikia "bado" pamoja na jambo moja la kutazama.

Pili, uwezo wa kuziba nafasi mbili. Kwa kuwa mechi ya ligi ina mabadiliko matano kwa vituo vitatu, mchezaji anayecheza beki wa kulia na wa kati anaokoa kiti kizima benchi. Lakini aonekane kwenye nafasi zote mbili kwa angalau dakika 30 kila moja. Kusema tu "anaweza kucheza popote" hakutoshi.

Tatu, kalenda. Agosti 2025 CHAN, mashindano ya timu za taifa kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na klabu zilizotoa wachezaji wengi kwa Taifa Stars zilifanya maandalizi bila wazawa wao wa kwanza. Akiba wengi walicheza dakika za waanzaji mwezi mzima. Dakika zile zina thamani, ila rudi kwenye yale mambo manne ya juu: walicheza kando ya nani? Wenye namba waliporudi, wenzao wa kulia na kushoto walibadilika, na karatasi ikatakiwa ianze upya. Desemba mwaka huo huo ilikuja AFCON ya Morocco, kwa hiyo aliyefaa Agosti alihitajika tena kabla ya Krismasi.

Mkopo unamfaa mwenye miaka 19 hadi 21 ambaye makosa yake ni ya kukosa mechi: mstari, muda, sauti. Aende timu itakayompa mechi 20. Mwenye miaka 27 mwenye makosa hayo hayo mkopo hautambadilisha sana. Huyo bora abaki kama wa tatu au aachiwe mapema, dirisha likiwa bado wazi, apate pa kwenda. Na kama ni mgeni anayekalia nafasi ya usajili wa kigeni, kipimo kinapanda: inabidi awe juu ya mzawa wa nafasi ile kwa tofauti inayoonekana wazi kwenye karatasi.

#15 Glavu Mbili

Kwa makipa usiwape mkopo wawili kwa pamoja. Kadi nyekundu moja na goti moja vinatosha kukuacha na kijana wa U20 golini. Wa pili abaki, wa tatu ndiye aende, na mkataba wa mkopo uwe na kipengele cha kumrudisha dirisha dogo.

#16 Stendi ya Juu

Mechi ijayo ya kirafiki nitapandisha hapa kipindi cha pili chote kwa picha pana. Atakayeweza achague mchezaji mmoja aliyeingia, ajaze karatasi yake bila kusoma za wenzake, kisha aiweke. Tutalinganisha toa zetu dakika kwa dakika.